KIVINJARI KIKIGOMA, ULIZA KWANZA KITUO CHA KARIBU

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Ndugu msomaji, je, umewahi kuketi mbele ya kompyuta, au kushika simu yako mkononi, ukiwa na shughuli isiyokubali kungoja hadi kesho, kisha ukurasa ukakataa kufunguka? Bila shaka yamekufika. Labda ulikuwa ukitafuta matokeo ya mtihani wa mtoto, au ukijaza fomu ya maombi ya kazi, au ukilipia leseni ya biashara yako ndogo. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na mwisho wake yanatokea maneno usiyoyaelewa. Hapo ndipo wengi wetu hutamka ile hukumu iliyozoeleka: "Mtandao uko chini." Ikishatolewa hukumu hiyo, hakuna rufani. Watu hukunja karatasi zao na kurudi nyumbani.

Makala haya yanataka kukuonyesha kwamba hukumu hiyo, aghalabu, hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Chombo kinachotuletea kurasa hizo, ambacho siku hizi tunakiita kivinjari, kina sababu zake za kugoma, na nyingi kati ya sababu hizo zi karibu nasi kuliko tudhanivyo. Mtu asiye fundi aweza kuzipata, maadamu ana subira na utaratibu. Nami utaratibu huo sikuupata chuoni. Niliupata hapa Tabora, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli.

SIKU YA MWISHO

Nilikuwa nimekuja Tabora likizoni kumtembelea dada yangu. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita na alitakiwa kutuma maombi ya nafasi ya masomo kwa njia ya mtandao. Siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mlango wa maombi ungefungwa saa sita usiku, na atakayechelewa angengoja mwaka mzima.

Saa nne asubuhi tulifika kwenye duka moja la vifaa vya kuandikia, lenye kompyuta moja na mashine ya kutolea nakala. Tulikuta watu saba kwenye benchi, kila mmoja amepakata bahasha yake ya kaki.

"Karibu kaka," kijana mwenye duka akaniambia kwa masikitiko, "ila leo mtandao umekataa tangu nilipofungua. Tabora nzima hakuna. Wawili wamekwisha kuondoka."

Nilichungulia kioo cha kompyuta. Palikuwa na onyo kwamba muunganisho si wa faragha, na kwamba huenda kuna watu wanaotaka kuiba habari za mtumiaji. Kijana akasema amejaribu tovuti hii na ile, na kila moja inatoa onyo lile lile.

Mtu mmoja pale kwenye benchi akaninong'oneza kwamba kuna bwana mmoja, ukimtumia shilingi elfu thelathini pamoja na namba yako ya siri, atakujazia fomu kutoka Dar es Salaam. Mpwa wangu akanitazama. Nilijua fedha anazoziwazia ni zipi: ni zile ambazo mama yake aliziweka akiba kwa kuuza asali, ziwe nauli ya kumpeleka chuoni.

Hapo ndipo mzee aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi alipokohoa. Alikuwa amekuja kutoa nakala za karatasi za pensheni yake.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "mimi nimekaa stesheni miaka mingi. Simu ya Kigoma ikinyamaza hatukusema Kigoma imekufa. Tulipiga Usoke. Usoke wakiitika, tulipiga Urambo. Urambo wakiitika, tulipiga Kaliua. Asiyeitika ndiye aliyetuonyesha mahali nguzo ilipoanguka. Wewe umepiga wapi?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa amepiga popote.

BARUA ILIYOKWAMA KWIHARA

Maneno ya mzee yule yalinikumbusha jambo ambalo Tabora yaweza kulieleza kuliko mji mwingine wowote wa nchi yetu. Zamani za misafara, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea kuelekea magharibi hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ndiyo njia waliyoburutwa watumwa, na ndiyo njia iliyopitishwa pembe za ndovu, shanga na vitambaa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo thelathini hivi. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kuijua njia. Katika sehemu nyingi msafara ulisimamishwa na kutozwa hongo, ambayo wakati ule haikuwa rushwa bali ushuru wa kupita katika nchi ya mtu.

Nje kidogo ya mji, huko Kwihara, ipo nyumba ya makumbusho inayokumbusha siku ambazo Livingstone na Stanley walikaa hapo mwaka 1872. Lakini kisa kinachotufaa leo ni cha mwaka mmoja kabla yake. Stanley alipofika Unyanyembe katikati ya 1871, alikuta mzigo wa Livingstone umelala hapo, na ndani yake fungu la barua lililoandikwa tarehe ya Novemba 1, 1870. Mwenye barua hakuwa amezipata. Aliyezituma kutoka Unguja alikwisha kuzituma. Hakuna aliyezipoteza. Zilikuwa zimekawia pwani kwa miezi, kisha zikakwama hapa Tabora, na baadaye vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vikaifunga njia ya moja kwa moja. Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini, na barua zile zikamfikia mwenyewe Ujiji mwishoni mwa 1871, karibu mwaka mzima tangu ziondoke Unguja.

Sasa tuulize: katika mwaka ule, kama mtu angesema "Unguja hawaandiki barua," angekuwa amesema kweli? La hasha. Na kama angesema "Livingstone amekufa, ndiyo maana hajibu"? Wapo waliosema hivyo, nao walikosea. Kosa halikuwa kwa mtumaji wala kwa mpokeaji. Lilikuwa njiani, katika vituo viwili vinavyojulikana kwa majina.

Njia ile haikufa. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 2009 ulipoanza kujengwa Mkongo wa Taifa wa mawasiliano, nyuzi nyembamba za kioo nazo zimefika katika mikoa yetu, Tabora ikiwamo, zikipitisha kwa nuru yale ambayo wapagazi waliyapitisha kwa miguu. Ukurasa unaoungoja kwenye simu yako ni mzigo uliomo safarini. Na mzigo usipofika, swali la mwenye akili ni moja tu: umekwama kituo gani?

VITUO VYA SAFARI YA UKURASA

Hebu tuvihesabu vituo hivyo, ili tukianza kupiga simu tujue tunampigia nani.

Kituo cha kwanza ni kivinjari chenyewe, yaani ile programu yenye mahali pa kuandikia anwani: Chrome, Firefox, Safari, Edge, Opera na nyinginezo. Neno letu ni zuri, kwani kuvinjari ni kuzunguka huku na huko ukitafuta au ukilinda, na kivinjari hufanya yote mawili: hututafutia kurasa, na hutulinda njiani.

Kituo cha pili ni kifaa chako, simu au kompyuta, pamoja na saa yake, nafasi yake ya kuhifadhi na umri wake. Cha tatu ni njia ya kutokea nyumbani: bando, mnara wa simu, au ile ruta yenye taa zinazomemeteka. Cha nne ni daftari la majina, maana mashine zilizoko mbali hujulikana kwa namba, nasi huandika majina. Lazima liwepo daftari la kuyageuza majina kuwa namba, na daftari hilo likikosekana msafara hauna kirangozi. Cha tano ni njia kuu, yaani mikongo ya nchi kavu na ya baharini. Na cha sita ni seva, ile mashine ya mwenye tovuti ambamo ukurasa umehifadhiwa.

Msomaji atatambua kwamba vituo viwili vya kwanza vimo ndani ya mikono yake mwenyewe, na cha tatu kimo nyumbani mwake. Basi kwa nini tuanze kulaumu cha tano na cha sita?

SAA ILIYORUDI NYUMA

Turudi dukani. Mzee hakujua kompyuta, lakini alijua kuuliza. "Binti, simu yako ndogo hiyo inafungua ukurasa huo?"

Mpwa wangu akajaribu. Ukurasa ukafunguka mara moja. Fomu ilikuwa ndefu, tena ilihitaji vyeti vilivyopigwa picha kwa mashine, kwa hiyo simu ile isingefaa kuimaliza kazi, lakini jibu tulikwisha kulipata. Seva ilikuwa nzima. Mkongo ulikuwa mzima. Tabora haikuwa imekatika.

"Sasa simu hiyo iipe mtandao kompyuta hii," akasema mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa amemsindikiza babu yake. Wakafanya hivyo. Kompyuta ikatoa onyo lile lile. Kwa hiyo na ruta ya kijana wa watu haikuwa na kosa. Vimebaki vituo viwili tu: kompyuta na kivinjari chake.

Ndipo mtoto yule aliponyosha kidole kwenye pembe ya kioo. Kompyuta ilidhani kwamba siku hiyo ilikuwa Januari 1, 2015.

Msomaji atauliza, tarehe na ukurasa vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Tovuti iliyo makini hubeba cheti kinachothibitisha kwamba ni yenyewe wala si mwigaji, na cheti hicho hutolewa kwa muda maalumu, kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kivinjari hukikagua kila mara, kama askari wa lango anavyokagua kitambulisho. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2015 huona cheti cha mwaka huu kama kitambulisho ambacho tarehe yake ya kuanza kutumika haijafika. Je, ungekuwa wewe ndiye askari, ungemruhusu mtu huyo apite?

Kivinjari hakikuwa kibovu. Kilikuwa kikifanya kazi yake kwa uaminifu, ila kilikuwa kimepewa kalenda mbovu. Ndani ya kompyuta ya mezani imo betri ndogo ya mviringo, inayofanana na sarafu, ambayo huendesha saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikichoka, kisha umeme ukakatika, saa husahau miaka yote na kurudi utotoni. Usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikuwa umekatika.

Kijana alirekebisha tarehe na saa. Ilichukua dakika moja. Ukurasa ukafunguka, na watu wa benchi wakasimama wote kwa pamoja.

Kisa cha namna hii si cha duka moja tu. Septemba 30, 2021, cheti kikuu kilichotegemewa na tovuti nyingi ulimwenguni kilifikia mwisho wa muda wake. Vifaa vya zamani ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kuzikataa tovuti ambazo jana yake vilizifungua bila tabu. Yamkini wengi walidhani simu zao zimekufa, ilhali zilikuwa na orodha ya vyeti iliyopitwa na wakati.

KARATASI YA MTU MWINGINE

Hata hivyo shida haikwisha pale. Zamu ya mpwa wangu ilipofika, aliandika jina lake na namba yake ya siri, akabonyeza, na ukurasa ukamrudisha pale pale pa kuandika jina. Akarudia mara tatu. Watu wakaanza kuguna.

Mzee akacheka. "Tumevuka Usoke," akasema, "sasa tupige Urambo."

Safari hii kosa lilikuwa katika vidakuzi. Neno hilo lisikutishe. Tovuti huacha ndani ya kivinjari vijikaratasi vidogo vya kukutambulia, mfano wa kile kikaratasi unachopewa mlangoni ili ukitoka na kurudi usiulizwe tena. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kijikaratasi cha mteja wa jana huweza kubaki humo, na leo kikatolewa kwa niaba yako. Mlinzi anaona sura ya mmoja na karatasi ya mwingine, basi anakurudisha nyuma.

Njia nyepesi ya kulijaribu hilo ni kufungua dirisha la faragha, ambalo baadhi ya vivinjari huliita hali fiche. Dirisha hilo huanza kazi bila karatasi za zamani. Mpwa wangu alilifungua, akaingia, akajaza fomu yake, akapandisha vyeti vyake. Saa tisa kasoro robo alasiri alipata namba ya kuthibitisha kwamba maombi yamepokelewa. Aliinakili kwenye daftari, kisha akaiandika tena nyuma ya bahasha, akiogopa daftari lisije likapotea.

UTARATIBU WA NYUMBANI

Ndugu msomaji, kata ukurasa huu uubandike karibu na mahali mnapotumia kompyuta, au umsomee mwanao mkubwa. Kanuni ni mbili tu: anza karibu kabla ya kwenda mbali, na badili jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadili mambo matano kwa pamoja na ukurasa ukafunguka, hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho utaugua tena ugonjwa ule ule.

Kwanza, uliza: ni ukurasa mmoja uliokataa, au zote? Kama ni mmoja, chunguza herufi za anwani. Herufi moja ikikosewa hufikisha mtu kusikojulikana, pengine kwa matapeli. Kumbuka kwamba anwani za tovuti za Serikali yetu huishia kwa .go.tz. Kama zote zimekataa, tazama bando. Yako mabando yanayoruhusu programu fulani tu, hata ukaona ujumbe wa marafiki unaingia vizuri ilhali kurasa nyingine zote zimenyamaza.

Pili, tazama tarehe, mwaka na saa ya kifaa chako. Umekwisha kuona sababu yake.

Tatu, funga kivinjari kabisa, ukifungue tena. Isipofaa, zima kifaa na kukiwasha. Watu hulidharau jambo hili kwa kuwa ni jepesi, lakini kifaa kilichoachwa wazi na vichupo thelathini huchoka kama mpagazi aliyebebeshwa mizigo mitatu. Simu iliyojaa picha na video nayo hukosa mahali pa kufanyia kazi.

Nne, fungua ukurasa huo huo katika dirisha la faragha. Ukifunguka humo, basi shida imo katika vidakuzi, au katika akiba ya kurasa za zamani, au katika viendelezi, yaani zile programu ndogo za nyongeza zilizopandikizwa juu ya kivinjari. Viendelezi vizime kimoja kimoja, ukijaribu kila baada ya kimoja. Akiba ya zamani huleta taabu pale tovuti inapobadilishwa na kivinjari chako kikaendelea kutumia vipande vya mwaka jana. Katika kompyuta nyingi, kubonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja hukilazimisha kivinjari kuleta ukurasa upya.

Hapa pana tahadhari. Ukiamua kufuta, soma kwanza kilichoandikwa. Kufuta akiba ya kurasa hakuna hasara kubwa. Kufuta vidakuzi kutakutoa katika tovuti zote ulizoingia. Lakini kufuta manenosiri yaliyohifadhiwa ni kuchoma funguo za nyumba. Wapo waliobonyeza "futa yote" kwa hasira, wakashinda wiki nzima wakibisha hodi kwenye milango yao wenyewe.

Tano, tazama umri wa kivinjari chako, ukisasishe. Kivinjari cha Internet Explorer, ambacho wengi wetu tulianzia, kilistaafishwa Juni 15, 2022. Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa kompyuta zenye Windows 7 mwanzoni mwa 2023, nazo kompyuta za namna hiyo bado zimo katika maduka na ofisi nyingi. Hapo hakuna uganga wa siku nyingi isipokuwa kuibadili programu kuu ya kompyuta. Lakini sasisho lichukue ndani ya kivinjari chenyewe au kwa mwenye programu. Ukurasa unaokurukia ghafla ukidai kwamba simu yako ina virusi na kwamba upakue kitu upesi, ufunge upesi zaidi.

Sita, jaribu kivinjari kingine, kisha mtandao mwingine, kama tulivyofanya kwa simu ya mpwa wangu. Majaribio hayo mawili yatakuambia kama kosa ni la programu, la kifaa, au la njia.

Saba, soma namba ya kosa, kama ipo. Namba 404 maana yake umefika kwenye nyumba lakini chumba unachokitafuta hakipo, basi rudi ukakague anwani. Namba 403 maana yake chumba kipo ila umenyimwa ruhusa. Namba zinazoanzia 5, kama 500 na 503, ni seva inayokiri kwamba kosa ni lake. Ukiziona hizo, usifute kitu wala usimlipe mtu. Ngoja kidogo, urudi baadaye.

KUNA SIKU NJIA HUKATIKA KWELI

Nisieleweke kwamba mtandao haukatiki. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini inayotuunganisha na ulimwengu, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani zikapungukiwa na mawasiliano kwa pamoja. Siku hiyo kubadili kivinjari kusingemsaidia mtu. Meli ilihitajika kwenda kuuvua mkongo na kuuunga. Mwenye kufuata utaratibu angelitambua hilo upesi, kwani simu yake, ya jirani yake na ya nduguye aliyeko Mwanza zote zingempa jibu moja.

Huo ndio uzuri wa kuuliza kwa utaratibu: hukuambia lini uhangaike na lini ungoje. Anayengoja penye jambo la dakika moja hupoteza siku, naye anayehangaika penye jambo lililo mbali na uwezo wake hupoteza siku pamoja na fedha.

ONYO NI RAFIKI

Nimalizie kwa jambo ambalo kijana yule wa dukani alinieleza baada ya wateja kupungua. Alikiri kwamba asubuhi ile alikuwa amekwisha kufikiria kubonyeza lile neno dogo la "endelea hata hivyo" lililojificha chini ya onyo. Nilimsihi asithubutu kamwe, hasa penye namba za siri, fedha na vyeti vya watu. Onyo lile laweza kuwa la bure kwa sababu ya saa mbovu, lakini laweza pia kuwa la kweli. Mtu aliyezoea kulirukia kila siku kwa sababu ya saa mbovu hatasita siku mwizi atakapokuwa amekaa njiani. Rekebisha saa, kisha ulisikilize onyo.

Kadhalika, fundi wa kweli hahitaji kujua namba yako ya siri ili atengeneze kivinjari. Anayeidai anadai ufunguo. Na ukitumia kompyuta ya watu, toka katika akaunti yako kabla ya kunyanyuka kitini, usimwachie mwenzako karatasi yako.

Jioni kijana alinunua betri mpya ya saa na kuitia katika kompyuta yake. Aliandika pia kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuibandika ukutani: TAZAMA TAREHE KWANZA. Kisha akaanza kuwatafuta wale wawili waliokuwa wameondoka asubuhi. Mmoja alimpata kwa kuulizia sokoni, akarudi mbio na fomu yake ikatumwa saa mbili usiku. Wa pili alikuwa ametoka kijijini, na alikwisha kupanda basi kurudi kwao saa tano asubuhi, akiamini kwamba Tabora nzima hakuna mtandao.

Ni kwa ajili ya huyo wa pili nimeandika makala haya. Waliotutangulia katika njia hii walisema kuuliza si ujinga. Basi, ndugu msomaji, siku kivinjari chako kitakapogoma, kabla hujatoa hukumu na kabla hujamrudisha mtoto wa mtu nyumbani, piga Usoke kwanza.